Usifagie mavi ya panya yakiwa makavu

Mahindi yakishavunwa, mashamba yanayozunguka Likasi hubaki matupu na panya huyafuata magunia majumbani. Ni majira hayohayo mvua inapokatika na vumbi kuanza. Mama wa Kikula anafungua stoo, anakuta mavi ya panya nyuma ya gunia la bunga, anashika ufagio. Wengi tunayaogopa meno ya panya, kumbe hatari kubwa iko kwenye ufagio huo.

Virusi vya hanta hukaa ndani ya panya bila kumdhuru, vikatoka kwa mkojo, mavi na mate. Uchafu huo ukikauka kisha ukatimuliwa, mtu huvuta chembe zake kwa pumzi. Kuambukizwa kwa kuumwa kunawezekana, ila ni nadra.

Wakati wa vita vya Korea, askari zaidi ya 3,000 wa Umoja wa Mataifa waliugua homa iliyoharibu figo, na hakuna aliyejua chanzo. Jibu lilipatikana mwaka 1976, mtafiti Ho Wang Lee alipokipata kirusi hicho katika panya wa mashambani, kikaitwa kwa jina la mto Hantan. Mwaka 1993 Marekani ikagundua aina inayojaza maji mapafuni. Hiyo huua karibu wagonjwa 4 kati ya 10.

Asikudanganye mtu kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kirusi cha hanta kiitwacho Sangassou, kilichopatikana katika panya wa msituni nchini Guinea. Baadaye Tanzania ikatoa viwili, Kilimanjaro na Uluguru, kutoka kwa virukanjia, ingawa hivyo havijathibitishwa kumwuguza mtu. Jirani zetu wa Zambia nao wana historia: mwaka 2008 mgonjwa alisafirishwa kutoka Lusaka hadi Johannesburg akiwa na kirusi kipya, Lujo. Kwa jumla waliambukizwa watu 5, wakafa 4. Lujo si hanta, ni wa ukoo wa Lassa, ukoo ambao virusi vyake vingi hubebwa na panya.

Dalili za hanta huanza wiki 1 hadi 8 baada ya kuvuta vumbi: homa kali, maumivu ya kichwa, mgongo na misuli. Hapa kwetu kila mtu atasema malaria, na mara nyingi atakuwa amesema kweli. Basi pima kwanza. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, homa ikaendelea, mkojo ukapungua au pumzi ikabana, usirudi dukani kununua vidonge vingine. Antibiotiki haziui virusi. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazomeza kama njugu, huzidi kuziumiza figo zilizokwisha kuumia. Ribavirini husaidia aina ya figo ikianza mapema, lakini kwa aina ya mapafu haijaonyesha faida.

Tiba iliyobaki ni kumshikilia mgonjwa mpaka mwili ushinde: oksijeni, kupima mkojo na presha kila mara, kusafisha damu kwa mashine figo zikigoma. Niseme na kuhusu serumu, maana huku kwetu mgonjwa asipotundikiwa chupa ndugu hulalamika. Katika hanta mishipa ya damu huvuja, na maji yakizidi huishia mapafuni. Mwacheni daktari aamue kiasi.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Fungua milango na madirisha, toka nje, subiri nusu saa. Vaa glovu. Changanya kopo 1 la javel na makopo 9 ya maji ya baridi siku hiyohiyo, mwagia mavi na kiota mpaka vilowe kabisa, ngoja dakika 5, ndipo ufute kwa kitambaa na kukitupa. Panya aliyekufa naye mloweshe kabla ya kumgusa. Bunga likae kwenye pipa lenye mfuniko, nalo gunia lisilale sakafuni. Ziba matundu, hata yale madogo kama kalamu, kwa sementi au waya. Wachimbaji mnaolala karibu na mashimo, chakula kisikae kwenye hema mnalolalia.

Na ukienda hospitali na homa baada ya kusafisha stoo, mwambie daktari habari ya panya hata asipokuuliza.