KWA NINI FARASI WA BANDANI ALISHWE CHINI?

Kila mwanafunzi aliyehifadhi Suratul Aadiyaat anajua kwamba sura hiyo inaanza kwa kuapiwa wanyama wanaokwenda mbio huku wakihema, na wafasiri wengi wamesema hao ni farasi. Katika makala haya tunataka kuizungumzia pumzi hiyo ya farasi, na namna mtu anavyoweza kuidhuru bila ya kujua, kwa jambo dogo tu: mahali anapoyaweka majani.

Katika mabanda mengi majani makavu hutiwa ndani ya wavu ukaning'inizwa ukutani mfano wa susu, au yakawekwa kwenye hori lililo juu. Sababu yake inaeleweka. Majani hayakanyagwi, hayaingii mkojo, na hayapotei bure. Lakini farasi hakuumbwa ale hivyo. Akiachiwa malishoni hushinda akila, aghalabu zaidi ya nusu ya siku na usiku wake, na muda wote huo kichwa kiko chini.

Tuanze na kifua. Farasi hawezi kuvuta pumzi kwa mdomo kama sisi. Hewa yake yote hupita puani. Ndani ya koo la hewa mna ute unaonasa vumbi na vijidudu, na vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ute huo utoke. Akiinama, ute huteremka wenyewe mpaka puani. Akiinua kichwa, inabidi upande mlima. Madaktari wa mifugo wamewachunguza farasi waliofungwa vichwa juu, kama wanavyofungwa wakisafirishwa kwa magari, wakaona kwamba katika muda wa saa 6 hadi 12 vijidudu huwa vimeongezeka kooni. Wengine hupata homa ya mapafu, nayo huweza kuua. Kweli, farasi anayekula wavuni hafungwi kichwa namna hiyo. Lakini yeye ana balaa jingine: kila anapovuta majani, vumbi na ukungu humwangukia machoni na puani.

Kisha meno. Kichwa kikiwa chini, taya la chini husogea mbele kidogo na magego yakakutana sawasawa. Meno ya farasi huendelea kutoka ufizini, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na kutafuna ndiko kunakoyasaga. Yakisagika upande, hubaki ncha kali zinazokata ulimi na mashavu. Hapo utamwona anadondosha matonge ya majani aliyoyatafuna nusu, anakonda, na mwenyewe analaumu majani! Tena wavu ukishaisha majani hulegea ukashuka, na farasi anaweza kunasa mguu.

Je, kumwekea chini si kumlisha uchafu? Swali hili lina haki. Katika nchi za Ghuba, ambako joto la kiangazi huwafanya farasi washinde bandani, mchanga ni tatizo kubwa. Farasi akiumeza kidogo kidogo hujikusanya tumboni, na yeye hawezi kutapika. Matokeo yake ni msokoto wa tumbo. Kwa hiyo majani yasimwagwe mchangani. Fagia pembe moja iliyo mbali na mlango na mahali anapokojoa, tandika mpira mnene, au weka hori pana na fupi linalokaa chini kabisa. Sakafu iwe kavu, kwani harufu kali ya mkojo huzidi karibu na ardhi, hapo hapo puani pake.

Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo 6 hadi 8 za majani makavu kwa siku. Mgawie mara nyingi, kidogo kidogo, hatayakanyaga sana. Yakiwa na vumbi, yaroweke dakika 10 hadi 30, umpe kabla hayajakauka. Yenye ukungu yatupwe, kuyarowesha hakuyaponyi.

Pwani yetu farasi ni wachache, lakini punda wapo, na huko Lamu ndio wabebaji wa mizigo tangu zamani. Maneno haya yanawahusu wao pia. Tunawaona punda wengine wamefungwa kamba fupi mtini hata kichwa hakifiki chini, na majani wamewekewa pale pale. Kamba iwe ndefu kiasi cha mnyama kuinama mpaka ardhini, lakini isizidi hata ikamzonga miguu.

Ukianza kumlisha chini, usishtuke ukiona maji meupe kidogo yakimtoka puani wakati anakula. Huo ni ute unaotoka. Lakini yakiwa mazito, ya njano au yananuka, au akikohoa kila anapoanza kula, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.