Neno la wiki: PUMZI, na filamu inayobeba jina hilo



Wiki hii tunajifunza neno pumzi, yaani hewa tunayovuta na kuitoa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 mpaka 20 kwa dakika, na sisi wauguzi tunazihesabu kila siku. Jamaa wa neno hili ni pumua, pumzika na mapumziko.

Iko na filamu yenye jina hilo. Pumzi imetengenezwa mwaka 2009 na Wanuri Kahiu, mwanamke aliyezaliwa Nairobi, na mwaka 2010 ilioneshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Ni fupi, dakika 20 hivi, na ni ya ajabu ajabu.

Hadithi yake ni ya siku zijazo, miaka 35 baada ya vita vya kugombania maji. Nje hakuna mti, kwa hiyo watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Kila mtu ana kipimo chake cha maji, na hata jasho na mkojo husafishwa ili yapatikane maji ya kunywa. Asha, anayetunza makumbusho, anawasiliana na wakubwa wake kwenye skrini. Akiota ndoto, kompyuta inamwamrisha ameze kidonge cha kuzuia ndoto. Watu wamemzunguka, lakini hana wa kuzungumza naye. Hali hiyo tunaiita upweke.

Siku moja analetewa udongo wenye uhai. Anapanda mbegu, nayo inachipua. Wakubwa wanamkataza kutoka nje, lakini mwanamke anayesafisha choo anamsaidia kutoroka. Mwisho sisemi. Tazameni pamoja na wazee wenu.

Sasa fikirini maji yetu ya huku. Falaj Daris ya Nizwa na Falaj Al-Jeela ya upande wa Sur zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Maji ya falaj hugawiwa kwa zamu, kwa hiyo jirani lazima ajuane na jirani. Katika jengo la Asha kila mtu ana chupa yake, na hakuna anayemhitaji mwenzake.

Upweke ni jambo la afya. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anausikia. Kazini nawaona bibi waliokuja kutoka Unguja wakiwa wasichana. Mashoga zao wamekwishafariki, na wajukuu wanazungumza Kiarabu na Kiingereza, au wameinamia simu. Nyumba imejaa watu, naye bibi hana wa kucheka naye kwa Kiswahili. Nikimpima, kifua ni kizima. Nikimwambia tu "Shikamoo bibi, umeamkaje?" uso unabadilika.

Wahenga walisema: mtu ni watu. Watoto, Kiswahili chenu kidogo, hata cha kukosea, kwa bibi ni kikubwa.

Kazi ya nyumbani:
1. Weka simu mbali kwa dakika 20, muda wa filamu hii.
2. Muulize bibi au babu: "Ulipokuwa mdogo, maji mkiyateka wapi?"
3. Andika sentensi tano za majibu yake, uje nazo Ijumaa.