Vidole Vikifa Ganzi kwa Kushona

Msomaji, ikiwa unashona mablanketi ya viraka huku Kiplombe, pembeni mwa mji wa Eldoret, huenda vipande vya kitenge pekee havikutoshi tena. Umeanza kushonea shanga, waya na ngozi, na kutia rangi, upate picha ya kutundika ukutani. Ni sanaa nzuri, nami sikukatazi. Ila ngozi hutaka sindano nene na mkono uliokaza saa nyingi.

Je, usiku kidole gumba na viwili vinavyofuata hufa ganzi, ukaamka kukung'uta mkono? Wengi husema ni baridi ya Eldoret. Mara nyingi sivyo: ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa zaidi. Vuta sindano kwa koleo, pumzika mara kwa mara, na ulale na gango linalonyoosha kifundo. Ukianza kuangusha sindano, au nyama iliyo chini ya gumba ikinywea, nenda hospitali upesi. Mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usipone kabisa, hata kwa upasuaji.

Rangi ya unga ichanganyie nje, umeziba pua na mdomo, kwani vumbi lake laweza kuleta pumu. Na sufuria yake isirudi jikoni.