Unataka Kushuti 3D Eliye Springs? Piga Hii Hesabu Kwanza

Manze, Eliye Springs ni kitu ingine. Ziwa Turkana hadi macho inachoka, mikoma imesimama kwa mchanga, na chemchemi inatoka tu hapo ufuoni. Unashuti, unarudi mtaa, unacheki video: flati ka chapo. Ndo unasema next time ni 3D.

Poa, lakini usikimbilie kununua kamera. Siri ya 3D si bei, ni nafasi kati ya lensi mbili.

Iko hivi. Macho yako yameachana karibu sentimita 6.5. Kila jicho linaona picha tofauti kidogo, ubongo unaziunganisha, na hapo unajua nani ako karibu na nani ako mbali. Charles Wheatstone wa Uingereza alionyesha hii maneno 1838, akitumia vioo na michoro miwili. Kamera ya 3D ni mchezo uo huo: lensi moja kwa kila jicho.

Sasa hesabu. Pima umbali hadi kitu iko karibu zaidi na kamera, gawanya kwa 30. Jibu ndo nafasi ya kuacha kati ya lensi. Msee amesimama mita 2 kutoka kwako? Acha kama sentimita 6.7. Boti iko mita 30 na hakuna kitu hapo katikati? Hapo lensi ziachane mita 1 mzima. Ndo maana ziwa peke yake, ukitumia nafasi ya macho ya kawaida, linabaki flati. Weka mkoma ama mtu mbele ya maji, picha inaamka.

Ukizidisha nafasi ni noma: macho ya mtazamaji yanavutwa huku na huku, kichwa kinaanza kugonga, anatoa miwani.

Wasee wa sinema walipata shida ingine. Kamera zao ni nono, haziwezi kukaribiana hivyo. So wanaweka kioo nusu kwa pembe ya digrii 45: kamera moja inaona kupitia kioo, ingine inaona picha inayorudishwa nacho. Lensi zinakuwa ni ka zimekaliana. Lakini chunga ziwa! Kioo hicho hakichukui mng'ao wa maji sawa kwa kamera zote mbili, so jicho moja linaweza kuona maji yanawaka na lingine halioni.

Canon walikuja na njia ingine 2021: lensi mbili za duara zimeachana sentimita 6, zote kwa kamera moja. Picha mbili zinaanguka kwa sensa moja, so hakuna ya kuchelewa.

Huna hiyo doh? Tafuta simu mbili za aina moja, zisimamishe wima bega kwa bega kwa ubao ulionyooka. Lensi zitaachana kama sentimita 7.5. Zidisha kwa 30: mtu wako akae angalau mita 2 na robo. Hakikisha lensi ziko kimo kimoja, maana macho hayajazoea moja kuwa juu ya lingine. Funga fokasi na mwangaza kwa simu zote. Halafu piga kofi moja mbele yao, ikusaidie kulinganisha video ukiedit. Mawimbi hayangoji, simu moja ikichelewa kidogo tu, maji yanatetemeka vibaya.

Jaribu yote ukiwa bado Lodwar, kabla uingie ile njia ya mchanga. Upepo wa ziwa ukianza kurusha vumbi, hutataka kuwa unatafuta rula. Na ukimrekodi mvuvi akikupea story yake, anastahili ile shot ambayo mtu wa Nairobi ataivalia miwani na aitazame hadi mwisho.