Shufwa na Witiri katika Gesi Baridi Kupita Kiasi

Je, wajua kwamba mtungi wa udongo na chombo kinachopoza gesi kupita kiasi katika maabara hutumia hila moja? Maji yanayopenya katika ngozi ya mtungi huenda zake kwa mvuke, na chembe zinazotangulia kuondoka ni zile zenye mbio kuliko nyingine, hata zikabaki ndani zilizo pole, na mnywaji akapata maji ya baridi bila ya barafu. Wataalamu nao huitundika gesi katika utupu, wakiizuia kwa sumaku au kwa nuru ya leza isiguse ukuta wa chombo, kisha huziachia atomi zenye mbio zitoroke, mpaka wingu linalobaki likawa na baridi isiyopatikana hata katika anga tupu baina ya nyota.

Lakini atomi hazina tabia moja mbele ya baridi hiyo, na hitilafu yao, ajabu kuitaja, hutegemea shufwa na witiri. Atomi ya lithiamu 6 ina protoni 3, nyutroni 3 na elektroni 3, jumla 9, nayo ni witiri. Ndugu yake, lithiamu 7, amezidi nyutroni moja tu, jumla 10, naye ni shufwa. Zenye shufwa huitwa bosoni, kwa jina la Bose wa Bara Hindi, nazo zikipoa hukubali kukusanyika zote katika hali moja. Zenye witiri huitwa fermioni, kwa jina la Fermi wa Italia, na hizo zimefungwa na sheria aliyoieleza Wolfgang Pauli mwaka 1925, ya kuwa mbili zilizo sawa kwa kila sifa haziwezi kukalia mahali pamoja, bali kila moja ina kipago chake katika ngazi ya nishati, na hata baridi iwe kali namna gani, zilizo juu hazishuki, maadamu vipago vya chini vimekwisha jaa.

Hapo ndipo hila ya mtungi ilipokwama. Maana gesi haipoi ila zilizobaki zigongane na kugawana joto, ilhali fermioni za hali moja, zikishapoa, karibu hazigongani kabisa. Deborah Jin wa Boulder, Colorado, pamoja na mwanafunzi wake Brian DeMarco, alikitegua kitendawili hicho mwaka 1999 kwa kuzigawa atomi za potasiamu 40 katika hali mbili, kwani za hali mbalimbali hugongana bila ya kizuizi.

Likabaki la kuzioanisha. Witiri na witiri, kama ajuavyo kila mtoto wa chuoni, hufanya shufwa, na jozi ya fermioni huruhusiwa yale ambayo moja moja imekatazwa. Kwa kuongeza au kupunguza nguvu ya sumaku mtaalamu aweza kuamuru jinsi atomi zivutanavyo: upande mmoja hushikana mbili mbili zikawa molekuli, upande wa pili jozi hulegea, mwenzi akawa mbali na mwenzi na majirani tele baina yao, mfano wa mume na mke waliotenganishwa na umati wa harusi. Jozi legevu za namna hiyo ndizo Bardeen, Cooper na Schrieffer walizozitumia mwaka 1957 kueleza kwa nini metali fulani zikipoa hupitisha umeme bila ya ukinzani. Januari 2004 Jin na wenzake walitangaza kwamba wamezikusanya jozi za atomi katika hali moja, katika wingu la atomi kama 500,000, lenye joto la sehemu 50 kwa bilioni moja za digrii juu ya sifuri halisi. Alifariki mwaka 2016, umri wake miaka 47, bila ya kupewa Tuzo ya Nobel. Kwa maoni yangu alistahili.

Kama umeme hupita bila ya ukinzani katika metali zile, je, gesi hiyo nayo yatiririka kweli bila ya mnato? Ukikoroga chai, hupata mzunguko mmoja, nao hufa upesi. Mwaka 2005 kundi la Wolfgang Ketterle, katika chuo cha MIT, lilikoroga wingu la lithiamu 6 kwa leza, likaona vimbunga vidogo vingi vilivyolingana, vimejipanga kwa nidhamu, kila kimoja kikizungukwa na sita; na mpango huo haupatikani ila katika kitu kisicho na mnato. Tena nuru inayopiga picha ya vimbunga hivyo huliharibu wingu lenyewe, hata kwa kila picha ikapasa kupoza gesi nyingine tangu mwanzo.