Kivuli Ndicho Kinachochagua Nyasi

Mtu anayeingia duka la pembejeo Dar es Salaam kutafuta mbegu za nyasi kwa ajili ya ua wenye mwembe mkubwa na mbwa wawili, mara nyingi hutoka na pakiti ya ukoka, ule ambao wataalamu huuita Cynodon dactylon. Si kosa la muuzaji peke yake. Mbegu za ukoka hupatikana kwa urahisi, huota haraka, na sifa yake ya kustahimili kukanyagwa ni ya kweli: viwanja vingi vya mpira katika nchi za joto vimepandwa aina zake. Mteja anataja mbwa, muuzaji anawaza miguu, na mazungumzo yanaishia hapo. Mwembe hautajwi. Miezi michache baadaye nyasi zinarefuka, zinakonda na kupauka, kisha udongo unaanza kuonekana na lawama zote zinamwangukia mbwa. Hoja yangu ni kwamba mbwa anasingiziwa. Katika ua wa namna hii kivuli ndicho kinachoamua. Suala la miguu hufuata baadaye, na dawa yake haimo ndani ya pakiti ya mbegu.

Tuanze na maana ya kustahimili. Hakuna nyasi isiyoumia. Kila mbwa anapogeuka ghafla akikimbia, kucha zake hukata majani na kuchubua mashina yanayotambaa. Nyasi tunazoziita ngumu ni zile zinazopona upesi, na kupona kunahitaji sukari inayotengenezwa na jani kwa nguvu ya jua, kisha kuwekwa akiba kwenye mizizi na mashina. Ukoka, pamoja na nyasi za Kikuyu zenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ni mimea ya mahali pa wazi, ambako kwato za wanyama ni nyingi na jua ni tele. Ukiziondolea jua, umeziondolea kilekile kinachozifanya zivumilie kwato. Chini ya mti mambo huzidi kuharibika, kwa sababu majani ya mti hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu, yakaacha upite mwanga mwekundu wa mbali ambao jicho letu halioni vizuri. Nyasi husoma badiliko hilo kama habari kwamba kuna mmea mwingine juu yao, nazo hutumia akiba kujirefusha zikitafuta upenyo badala ya kuchipua pembeni na kuzamisha mizizi. Kivuli cha ukuta hakibadilishi rangi za mwanga kwa kiasi hicho, wala ukuta hauna mizizi ya kugombea maji.

Kuna atakayesema kwamba kwa jirani yake ukoka umestawi chini ya mti. Inawezekana kabisa, lakini ni mti gani? Mnazi mrefu hupitisha mwanga mwingi kati ya makuti yake, na kivuli chake huhama kila saa. Mwembe uliofunga matawi hauna upenyo wa namna hiyo. Neno moja la kivuli linabeba hali mbili zisizofanana, ndiyo maana ni vizuri kupima kabla ya kununua chochote. Kipimo chenyewe hakina gharama: chomeka vijiti kwenye ua, kisha uandike kila saa moja, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri, ni kijiti kipi kinapigwa na jua. Ukoka unataka jua la wazi la saa 6 hadi 8 kwa siku. Upimaji wa siku moja hautoshi, maana hapa karibu na ikweta jua huvuka kutoka kaskazini kwenda kusini ndani ya mwaka. Ukuta wa mita 3 jijini Dar es Salaam, jua la mchana likiwa juu kabisa mwezi Juni, hutupa kivuli cha takribani mita 1.7 upande wa kusini. Desemba kivuli hicho huhamia kaskazini, tena hakifiki hata mita 1. Ukanda uliopandwa kwa furaha mwezi Desemba unaweza kukosa jua Juni, na mwenye nyumba asijue kilichotokea.

Kwa pwani na maeneo ya joto, chaguo langu la kwanza kwa mahali penye jua la saa 4 au zaidi kidogo ni nyasi za Pemba, yaani Stenotaphrum dimidiatum. Ni mmea wa fukwe za Bahari ya Hindi, wenye jani pana na mashina manene yanayotambaa juu ya ardhi, nao huvumilia kivuli kuliko ukoka. Haziuzwi kwa pakiti kwa sababu hupandwa kwa vipando: vipande vya shina vyenye vifundo 2 au 3, vinavyofukiwa kwa nafasi ya sentimita 15 hivi mvua za masika au vuli zinapoanza. Hapa ndipo swali la mbegu ipi linapompoteza mnunuzi. Anayeng'ang'ania mbegu, bila kujua, ameziacha nje nyasi zinazofaa zaidi kivuli chake. Zaidi ya hayo, mche uliotoka kwenye mbegu una akiba ndogo mno, ilhali kipando huja na shina lenye chakula ndani yake, na kivulini tofauti hiyo ni kubwa. Palipo na unyevu wa kutosha, Axonopus compressus nayo hukubali kivuli, ila ukame huichosha upesi. Pakiti za Ulaya zilizoandikwa kuwa ni za kivuli huwa na jamii ya Festuca, mimea ya baridi. Limuru, Lushoto au Njombe zinaweza kujaribiwa. Tanga au Mombasa ni pesa iliyotupwa.

Nyasi za Pemba nazo hazipendi kukanyagwa bila kupumzika, na sitaki kuficha hilo. Jawabu linalotolewa haraka ni mbolea, nalo ndilo ninaloliogopa zaidi. Naitrojeni husukuma majani yakue. Majani hukua kwa kula akiba, na kivulini akiba hairudishwi. Matokeo ni jani laini linalochanika na kushikwa na ukungu. Kivulini nusu ya mbolea ya kawaida inatosha. Tena mbwa mwenyewe anaweka mbolea. Lile doa lililoungua, hasa pale mbwa jike anapochuchumaa na kumwaga mkojo wote mahali pamoja, hudhaniwa kuwa limesababishwa na asidi, na watu humwaga chokaa juu yake. Tazama ukingo wa doa: nyasi zake ni za kijani kibichi kuliko nyingine zote. Ingekuwa asidi, ukingo usingenawiri. Ni naitrojeni na chumvi, nyingi mno katikati na kiasi cha kufaa pembeni. Kinachosaidia ni ndoo ya maji mara tu baada ya mbwa kukojoa, na udongo usioshindiliwa ili maji yazame.

Jambo jingine linalookoa nyasi za kivulini ni kuziacha zirefuke hadi sentimita 8 hivi, kwani jani refu hukusanya mwanga zaidi. Wafuga mbwa wengi hukataa kwa kuhofia kupe. Hofu hiyo ina sababu, lakini kupe wa kahawia anayewasumbua sana mbwa wa mijini, Rhipicephalus sanguineus, hupenda kujificha na kutaga kwenye nyufa za banda na kuta za nyumba. Kunyoa nyasi hadi udongoni hakumfikii. Kuziba nyufa na kusafisha banda humfikia.

Miguu basi tuifanyeje? Mbwa hakimbii ovyo. Ana njia zake, hasa kandokando ya ukuta na kati ya banda na geti, na ndani ya wiki mbili zinaonekana wazi. Pale pasipandwe kitu. Pamwagwe kokoto ndogo au pawekwe matofali kwa upana wa sentimita 60 hivi, na sehemu nyingine ya ua itapata nafuu ambayo hakuna aina ya nyasi ingeweza kuileta. Mwembe nao upogolewe matawi ya chini baada ya mavuno ili jua la asubuhi na la jioni lipenye. Kuukata mti mzima kwa ajili ya zulia la kijani ni hasara nisiyoweza kuiunga mkono, kwani mbwa na watu wote wanauhitaji ubaridi wake. Na kwenye duara la karibu na shina, ambako jua halifikishi saa 3 kwa siku, yaachwe majani makavu ya mwembe wenyewe yafunike ardhi. Asiyeyapenda anaweza kuweka vipande vya mbao, ila asitumie maganda ya kakao, kwa sababu yana theobromini, sumu kwa mbwa.