Amana Iliyo Ndani ya Seli

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, sisi walimu wa madrasa huletewa watoto wagonjwa tuwasomee. Maradhi yasipofahamika, watu huulizana: ni husuda au ni jini? Mara nyingi lawama humwangukia mama. Kisomo ni jambo jema, lakini hakimzuii mzazi kumpeleka mwanawe hospitalini, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe ametuhimiza tujitibu. Leo tutazame maradhi mawili adimu ambayo chanzo chake kimo ndani kabisa ya mwili.

Karibu kila seli yetu ina vifuko vidogo mno viitwavyo lisosomu. Mwanasayansi wa Ubelgiji, Christian de Duve, alivipa jina hilo mwaka 1955, na mwaka 1974 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Ndani ya vifuko hivyo mna vimeng'enya vinavyokata protini, viitwavyo kathepsini, takriban aina 15. Protini iliyochakaa, au kijidudu kilichomezwa na seli ya kinga, hukatwa vipande humo, kisha vipande hivyo hutumika kujengea protini mpya.

Vimeng'enya hivi ni mfano wa moto: ukikaa jikoni hutupikia, ukitoka huunguza nyumba. Ndiyo maana vimefungiwa katika vifuko vyenye asidi, na nje yake zimo protini nyingine za kuvizuia. Mpaka huo ukivukwa, madhara hutokea. Kwa mfano, katika kongosho, kathepsini B ikikutana na kimeng'enya cha kusagia chakula ambacho wakati wake haujafika, yaweza kukiamsha, na kongosho likaanza kujila lenyewe.

Upungufu nao ni balaa. Mifupa yetu humegwa na kujengwa upya daima, na kathepsini K ndiyo inayoondoa protini kongwe ya mfupa. Mtoto aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho huwa mfupi, na mifupa yake huwa mizito kwa picha ya eksirei lakini huvunjika upesi. Madaktari wa Ufaransa, Maroteaux na Lamy, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1962. Baadaye walikisia kuwa ndio uliomsibu mchoraji mashuhuri wa nchi yao, Henri de Toulouse-Lautrec (1864–1901), aliyevunjika mapaja yote mawili utotoni na miguu yake ikaacha kukua. Wazazi wake walikuwa watoto wa ndugu wawili wa kike.

Ugonjwa wa pili hutokana na kukosekana kwa kathepsini C, inayoziandaa silaha za seli za kinga. Ngozi ya viganja na nyayo za mtoto huwa nene, fizi huvimba, na meno ya utotoni hung'oka mapema, pengine kabla hajatimiza miaka mitano. Asipotibiwa, hata meno ya ukubwani humtoka angali kijana.

Maradhi haya yote mawili hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja. Kila mmoja wao hubeba jeni moja yenye kasoro, naye ni mzima wala hajui. Wakikutana wawili kama hao, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Basi ni dhulma kumsuta mama peke yake.

Hapa pana neno kwetu watu wa pwani, tunaopenda kuozana watoto wa ami na wa mjomba. Watoto wa ndugu wawili hushirikiana takriban sehemu 1 kati ya 8 ya jeni zao, hivyo kasoro iliyofichika hukutana kwa wepesi zaidi. Sharia imeihalalisha ndoa hiyo, na halali ya Mwenyezi Mungu haiharamishwi na mja. Wengi huoana hivyo na wakazaa watoto wazima. Lakini halali si faradhi. Iwapo katika ukoo yamewahi kutokea maradhi ya namna hii, wazee na wawaulize madaktari kabla ya posa, wala wasifiche kwa kuchelea aibu. Kumficha mchumba jambo kama hilo ni khiana.

Na wewe mzazi, ukiona dalili hizo usingoje. Mwenye meno yanayolegea apelekwe kwa daktari wa meno mapema, huenda baadhi yakaokolewa. Mwenye mifupa inayovunjika kwa pigo dogo apigwe picha. Mwombee dua ukiwa njiani.

Mwenyezi Mungu awaafu watoto wetu na atujaalie tuichunge amana hii. Amin. Wabillahi tawfiq.